Kimono ya Mwalimu Kinue Ilikwenda Wapi?

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Mvua ya mwezi wa sita inapiga paa la studio yetu hapa Kurume, kwa hiyo mkisikia mlio wa ajabu, msihangaike na redio zenu. Ni mvua tu. Sogezeni kikombe cha chai karibu, tukae pamoja.

Leo tunamkumbuka Mwalimu Kinue Ushijima. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio: Mwalimu Kinue Ushijima, mwenyekiti wa miaka mingi wa Chama cha Taifa cha Vazi na Maisha. Alifariki mwezi wa nne, maua ya micheri yakiwa yameshapukutika, nyumbani kwake Hirokawa. Alikuwa na umri wa miaka themanini na mitatu. Alikunywa chai yake ya asubuhi, akaosha kikombe, akakifuta, akakirudisha kabatini, akalala kidogo. Hakuamka. Waliomfahamu wanasema asingekubali kufa na kikombe kichafu mezani, na mimi naamini kabisa.

Maana alikuwa hivyo. Mara ya kwanza alipokuja hapa studio, kabla hata ya kutusalimu, aliinama mlangoni akavigeuza viatu vyetu vyote vikatazama nje. Kisha akasema, "Haya, sasa tunaweza kuzungumza. Mlikuwa mmeviacha vimelewa."

Wengi wenu mnamjua kwa picha moja ya gazeti. Mnaikumbuka. Mwanamke kijana amepiga magoti katikati ya ukumbi mkubwa. Mikono ya kimono yake ameifunga juu kwa kamba, viwiko viko wazi, anadeki sakafu. Wamemzunguka mabibi waliovaa hariri, wanamtazama kama paka aliyeingia harusini. Kimono aliyovaa ni ya pamba, ya rangi ya nili, ina alama ndogo ndogo nyeupe. Kimono ile ikawa maarufu nchi nzima. Na tangu Mwalimu alipofariki, watu wamekuwa wakitupigia simu wakiuliza jambo moja. Ile kimono ilikwenda wapi?

Nasi tuliuliza. Jibu tumelipata, na binti yake, Bi Fumiyo, ametupa ruhusa tuliseme hewani. Lakini haliwezi kusemwa kwa mkato, kwa hiyo nivumilieni.

Tuanze na mama yake Kinue. Aliitwa Tane, alikuwa mfumaji. Mnajua kazi ya huku kwetu. Nyuzi hufungwa fundo moja moja kabla ya kutiwa nili, ili pale palipofungwa pabaki peupe, halafu mfumaji anazipanga kwenye kitanda cha kufumia mpaka weupe ukutane na weupe na alama itokee. Mkono ukiteleza hata unywele mmoja, alama inapinda. Tane alikuwa hodari wa alama ya mdomo wa kisima: miti miwili imelala juu ya miti mingine miwili, kama kisima cha uani ukikitazama kutoka juu. Visima vyake vilinyooka mpaka majirani wakawa wanamwonea wivu waziwazi.

Siku moja Tane yuko kitandani pake pa kufumia, anafuma kimono ya bintiye. Kinue akaingia mbio, hata viatu hakuvipanga. Ndiyo, wasikilizaji wapendwa, huyo huyo Mwalimu wa viatu.

"Mama! Nimemkubali!"

"Umemkubali nani tena?"

"Yule wa Ushijima. Mkulima wa chai."

Mkono wa Tane ukateleza. Kisima kimoja kikapinda, mti wake mmoja ukaenda upande. Kinue alipokiona akataka kulia, akamwambia mama yake afumue mistari michache arudie. Tane akakataa. "Acha hapo hapo. Hapo ndipo uliponishtua. Nikizeeka nitaweka kidole hapo, nitakumbuka."

Basi kimono ile ilikuwa na visima vilivyonyooka vyote, isipokuwa kimoja. Likumbukeni hilo, tutalirudia.

Kinue akaolewa. Akajiunga na chama, ambacho siku hizo kilikuwa Chama cha Taifa cha Vazi la Kijapani tu, bila hayo maneno ya "na Maisha." Kazi ya chama ilikuwa kufundisha watu kuvaa. Ukosi uachie nafasi kiasi gani kisogoni, mshipi ufungwe mafundo ya namna gani, pindo liguse wapi. Ukifaulu unapewa cheti. Ukishapewa cheti unapiga picha. Ukishapiga picha unavua, unakunja, unafungia kimono sandukuni, unarudi kwenye suruali yako. Kinue lilimkera jambo hilo. Alikuwa akimwambia mdogo wake, Bi Sakiyo, ambaye bado yu hai na ulimi wake bado una makali, "Tunawafundisha watu kuvaa nguo wasiyoweza kuoshea hata bakuli. Hiyo ni nguo au ni kifuniko cha zawadi?"

Ukafika mkutano mkuu wa chama, kule Fukuoka. Wajumbe walitoka kila mkoa, wote wamevaa hariri. Kinue akaenda na kimono ya mama yake. Ya pamba! Wasikilizaji wapendwa, mnajua wenyewe. Pamba ya nili ni nguo ya kazi, ya nyumbani na shambani. Hata ungeifuma mwaka mzima, huendi nayo kwenye mkutano mkuu. Mlangoni bibi mmoja alimwuliza kwa sauti ya upole, upole ule wa kuchoma, "Mama, wapishi wanapita mlango wa nyuma. Umepotea?"

"Sijapotea," Kinue akajibu. "Lakini asante, nitahitaji kujua mlango wa nyuma uliko."

Akaketi safu ya mwisho. Mkutano ukaendelea. Walikuwa wakijadili upana wa ukosi, na kwa mujibu wa Bi Sakiyo, aliyekuwa pembeni yake, mjadala huo ulikaribia kuwafanya watu waugue. Ndipo kigari cha chai kikapinduka. Birika kubwa likamwagika kwenye mbao za ukumbi, chai ikatambaa kuelekea jukwaani.

Mabibi wa hariri wakarudi nyuma kwa pamoja. Hakuna aliyeweza kuinama, mishipi ilikuwa imewabana. Hakuna aliyethubutu, hariri ikilowa chai imekwisha. Walisimama wameshika mapindo, wakiitazama chai inakuja. Watu waliobobea katika vazi, wamefungwa na vazi hilo hilo!

Kinue akatoa kamba ndani ya mkono wa kimono yake, akaifunga mikono ya kimono juu kwa mzunguko mmoja wa mgongoni. Akaomba tambara. Akapiga magoti, akadeki sakafu kutoka mlango hadi jukwaani, mgongo umenyooka, mshipi haukutingishika. Alipofika jukwaani akainua kichwa, akawaambia wakubwa waliokuwa pale, "Samahani kwa kuwasumbua. Tuendelee na ukosi."

Hapo ndipo mpiga picha wa gazeti alipobonyeza.

Mabadiliko hayakuja mara moja, wala hayakuwa rahisi. Wapo waliomnunia kwa miaka. Lakini wanachama vijana walimuunga mkono, na baada ya muda Kinue akawa mwenyekiti, na jina la chama likaongezwa maneno mawili: "na Maisha." Tokyo wakamtaka ahamishie ofisi huko. Akasema, "Waje wao, barabara ni ile ile." Akageuza nyumba ya Tane, ile ya kufumia yenye korido ndefu, ikawa nyumba ya mafunzo ya chama. Ndiyo hiyo iliyoko Hirokawa mpaka leo.

Na mafunzo yenyewe! Mwanafunzi hakufundishwa tena kuvaa peke yake. Alivaa, halafu akapika supu ya miso ya soya akiwa amevaa. Akafungua mlango wa kusukuma kando akiwa amepiga magoti na sinia mkononi. Akafunga zawadi kwa kitambaa. Akafumua kimono kuukuu, akaiosha vipande vipande, akaianika kwenye mbao, akaishona upya. Na mwisho wa yote, mtihani wa korido. Unashika tambara bichi kwa mikono miwili, unainama, unakimbia nalo mpaka mwisho wa korido na kurudi, kama watoto wa shule wanavyodeki. Ukirudi, mgeni anakusubiri, unampokea kwa chai, na kimono yako iwe kama ulivyoivaa asubuhi.

Bibi mmoja wa Tokyo alikimbia nusu ya korido, mshipi ukampanda mpaka kidevuni. Mwalimu Kinue akamwambia, "Mama, huo mshipi unarudi kwenu bila wewe." Bibi yule alicheka mpaka akakaa chini. Leo ndiye mkuu wa tawi la Tokyo.

Basi, hayo mnayajua au mliyasikia. Sasa nawaleta kwa mtu ambaye hamkuwahi kumsikia.

Fumiyo, binti pekee wa Kinue, alizaliwa mwaka uliofuata ule mkutano. Alikulia katika nyumba iliyojaa wanafunzi. Akitoka shuleni, sebuleni kuna mabibi wanajifunza kupiga magoti. Akitaka kula, jikoni kuna mabibi wanachuja supu. Na kila asubuhi, kabla ya shule, mama yake anamkabidhi tambara. "Korido." Neno moja tu. Fumiyo aliichukia ile korido kwa moyo wake wote. Aliniambia mwenyewe, tena bila kuficha, "Mama yangu alikuwa na watoto nchi nzima. Mimi nilikuwa mmoja wao, yule wa kudeki."

Ukutani kwao ilitundikwa ile picha ya gazeti. Fumiyo alikuwa akiitazama kimono ile na kuitamani. Si kwa uzuri wake. Aliitamani kwa sababu ilikuwa ya bibi yake, haikuwa ya chama. Katika nyumba ile, aliona hicho ndicho kitu pekee ambacho siku moja kingekuwa chake tu.

Alipopata mchumba, kijana wa Nagoya, akarudi nyumbani kupanga harusi. Mama yake alikuwa jikoni anamenya mizizi ya gobo.

"Mama, ile kimono ya bibi. Nataka niivae siku tukiwapokea wageni nyumbani."

Kinue hakuinua kichwa. "Iko kazini."

"Kazini wapi?"

"Kazini."

"Umewapa chama?"

"Nimesema iko kazini, Fumiyo. Nyoosha mgongo."

Fumiyo akanyoosha mgongo, akatoka, akaenda Nagoya. Aliolewa kwa gauni la kukodi. Tangu hapo alikuja nyumbani mwaka mpya na siku za wafu za mwezi wa nane, akakaa kidogo, akaondoka. Korido hakuigusa tena. Nyumbani kwake Nagoya alinunua kile kidude cha duara kinachozunguka chenyewe kufagia. Mama yake alipokwenda kumtembelea, alikitazama kikigonga mguu wa meza na kurudi nyuma, kikigonga na kurudi, akasema, "Masikini, hakina mtu wa kukifundisha." Fumiyo hakucheka. Kwake, kila alichosema mama yake kilikuwa ni chama kinazungumza.

Iko kazini. Neno hilo lilimkaa Fumiyo kooni kama mwiba wa samaki. Aliamini mama yake ameitoa kimono ya bibi kwa chama, akaona haya kusema. Hakuuliza tena. Na mama yake, jinsi alivyokuwa, hakueleza tena.

Wasikilizaji wapendwa, niwarudishe kidogo nyuma kwa ajili ya waliojiunga sasa. Tunamkumbuka Mwalimu Kinue Ushijima. Kimono yake ya pamba, iliyofumwa na mama yake, yenye kisima kimoja kilichopinda, haijulikani iliko. Binti yake anaamini chama ndicho kinayo. Na chama, mtastaajabu, kiliamini anayo binti.

Ikafika siku ya arobaini na tisa, ya kumalizia matanga, mwezi huu, katika nyumba ile ile ya korido. Mtawa wa Kibudha amesoma, ubani umewashwa, familia imekula. Yakaanza yale ya kugawana vitu vya marehemu. Walikuwapo Fumiyo, Bi Sakiyo mama yake mdogo, na Bi Ritsuko Kuratomi, makamu mwenyekiti wa chama, mwanamke aliyefanya kazi na Mwalimu tangu ujana wake. Bi Ritsuko alikuja na ombi. Chama kinajenga ukumbi mpya. Mlangoni wanataka kuweka kabati la kioo, na ndani yake ile kimono.

"Tunaiomba kwa heshima," akasema, ameinamisha kichwa mpaka mkekani. "Tutaitunza. Mwanga hautaigusa."

Fumiyo akamtazama. "Mnaniomba mimi? Si mnayo nyinyi?"

"Sisi? Bi Fumiyo, sisi hatujaiona miaka na miaka. Mwalimu alivaa nyingine za kufanana. Tulijua ile uliolewa nayo."

"Niliolewa na gauni la kukodi!"

Bi Sakiyo akamimina chai.

Wakaenda kwenye sanduku kubwa la nguo. Wakazitoa kimono zote za pamba za marehemu, wakazitandaza mikekani, nili juu ya nili. Bi Ritsuko akazikagua moja moja, kidole kinatembea juu ya alama.

"Unatafuta nini?" Fumiyo akauliza.

"Kisima kilichopinda. Bibi yako alikosea mahali pamoja. Mwalimu alitusimulia kila mwaka, siku ya kwanza ya mafunzo. Alikuwa akilia kidogo kila mara, halafu anatukemea kwa kumtazama."

Fumiyo hakuwahi kusikia habari ya kisima kilichopinda. Wanafunzi wa nchi nzima waliijua. Yeye, mjukuu wa Tane, hakuijua. Mama yake aliisimulia sebuleni, na Fumiyo wakati huo alikuwa amejifungia chumbani, ameziba masikio. Anasema hapo ndipo machozi ya kwanza yalipomtoka, si siku ya maziko.

Kisima kilichopinda hakikuonekana. Kimono zote zilikuwa nyoofu.

Basi pakachafuka. Fumiyo akasema mama yake aliigawa kwa mtu, mwanachama fulani aliyempenda kuliko yeye. Bi Ritsuko akasema Mwalimu hakuwa na vipenzi, aliwagombeza wote sawasawa. Fumiyo akasema, "Angalau nyinyi aliwagombeza kwa hadithi! Mimi alinigombeza kwa tambara!" Akainuka kwa hasira, pindo lake likakumba sinia, birika likaenda chini. Chai ya huku kwetu Yame, chai ya shamba la baba yake mwenyewe, ikatiririka kutoka mkekani ikaingia koridoni.

Bi Ritsuko alikuwa amevaa hariri, siku ya heshima. Akashika pindo, akarudi nyuma hatua moja. Halafu akajiona. Akaona haya mpaka masikio yakawa mekundu.

"Matambara yako jikoni," akasema Bi Sakiyo kwa utulivu. "Ndoo ya bluu."

Fumiyo akaenda. Akarudi na tambara la kwanza lililokuja mkononi. Mnayajua matambara yetu: nguo kuukuu zimelazwa moja juu ya nyingine, zikashonwa kwa uzi mweupe mstari kwa mstari. Hili lilikuwa limekwisha. Limekuwa rangi ya maji ya mchele, kiraka juu ya kiraka. Fumiyo akapiga magoti koridoni kwa mara ya kwanza tangu alipokuwa msichana, akaliweka juu ya chai.

Chai ikapanda kwenye tambara. Na nili, wasikilizaji wapendwa, hata iwe imepauka vipi, ikilowa inarudi. Tambara lile likaanza kuwa la buluu mbele ya macho yake. Likakolea. Na katikati ya ubuluu vikatokea vyeupe: mdomo wa kisima, na mwingine, na mwingine. Na pembeni, karibu na kidole gumba chake, mmoja umepinda, mti wake mmoja umekwenda upande.

"Kisima!" Bi Ritsuko akapiga kelele.

"Ngazi yangu!" Fumiyo akapiga kelele wakati huo huo.

Wakatazamana.

"Ngazi gani?"

"Ngazi iliyolewa," akasema Fumiyo. Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Kwenye mto wangu. Mto niliokalia nikifanya kazi za shule. Visima hivi mimi niliviita ngazi, na moja ilikuwa imelewa. Nilikuwa naipitishia kidole nikishindwa hesabu." Akaigusa kwa kidole gumba. Kisha, polepole, "Na kabla ya mto... ilikuwa kwenye koti langu. Lile la pamba nene, la baridi. Ngazi ilikuwa mgongoni. Mama alikuwa akinibeba, anaigusa hapo."

Bi Sakiyo akaweka kikombe chini. "Haya. Afadhali umeiona mwenyewe."

"Mama mdogo! Ulikuwa unajua?"

"Mimi ndiye niliyeshika mkasi tulipoifumua. Ilikuwa imechanika magoti yote mawili, kwa kudeki kule na huku. Mama yako akaiosha, akaikatia koti lako. Ulipokua ikawa mto wako. Ulipokwenda chuo, mto ukaenda sebuleni, kisima kilichopinda kikiwa upande wa chini, wanafunzi wakajifunzia kupiga magoti juu yake. Ulipokuja kuiomba kwa ajili ya harusi, bibi mmoja wa Kagoshima alikuwa ameikalia pale sebuleni. Halafu ikachakaa zaidi, akaishona matambara. Alikuwa anaweka viraka kila mwaka. Hilo lenye kisima hakumruhusu mtu mwingine alishone."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ulimwuliza yeye, naye akakujibu."

"Alinijibu iko kazini!"

"Si ilikuwa kazini?"

Fumiyo alibaki amepiga magoti, chai inaendelea kutambaa. Bi Sakiyo, ambaye si mtu wa kubembeleza, akashuka akakaa karibu naye. Akamwambia neno moja alilolisikia kwa dada yake siku ile ya ugomvi wa gobo, Fumiyo alipokwisha kuondoka. Kinue alikuwa amesimama na kisu mkononi. Alisema, "Anaitaka nguo ya bibi yake. Si ndiyo iliyomlea? Imemfunika mgongoni, imemkalisha, imemsomesha. Nimpe nini tena? Siku atakayoshika tambara ataiona." Halafu akaendelea kumenya, na zile gobo, anasema Bi Sakiyo, zilikuwa na chumvi siku hiyo kabla hazijatiwa chumvi.

Mimi namlaumu kidogo Mwalimu, tusifichane. Angeweza kusema. Maneno machache tu yangeokoa miaka. Lakini alikuwa mtu wa mikono, ulimi wake aliuwekea wageni. Nami napata uchungu nikifikiri kwamba tambara lile lilikuwa jikoni kila mwaka mpya, kila mwezi wa nane, hatua chache kutoka alipokaa binti yake na mikono mapajani.

Bi Ritsuko naye alikuwa analia, maana alikuwa amekumbuka jambo. Kila asubuhi, miaka yote hiyo, yeye na wanafunzi walikuwa wakidekia korido ile kwa matambara yale. Waliyasuuza, wakayakamua, wakayaanika. Walikuwa wakisimuliana habari ya kimono ya Mwalimu huku wameishika. Mikono yao michafu, maji machafu, na hakuna aliyetazama likiwa bichi!

Akajifuta uso, akarudi kuwa makamu mwenyekiti. Akainamisha kichwa tena. "Bi Fumiyo. Basi tunaliomba tambara. Tutaliweka kwenye kioo, hivi hivi lilivyo. Watu waje walione. Ndiyo maisha yenyewe aliyotufundisha. Tafadhali."

Lilikuwa ombi zuri. Hata mimi ningekubali.

Fumiyo alilitazama tambara. Akalikamua juu ya ndoo, nili ikakunjamana, kisima kikazama, kikarudi. Akalikunja mara mbili jinsi alivyofundishwa utotoni, kingo kwa kingo. Akanyoosha mgongo.

"Haiwezekani, Bi Ritsuko," akasema. "Iko kazini."

Akainama, akaimaliza korido.

Bi Ritsuko ametuambia kwamba alideki vibaya sana. Michirizi kila mahali, magoti yanagonga mbao. Siku ya pili asubuhi alideki tena, vibaya vile vile. Siku ya tatu kabati la kioo likaondolewa kwenye ramani ya ukumbi mpya. Mahali pake watajenga korido.

Wasikilizaji wapendwa, huyo ndiye Mwalimu Kinue Ushijima wa Hirokawa, binti wa Tane mfumaji. Kwa Bi Fumiyo, kwa Bi Sakiyo, kwa ukoo wote wa Ushijima, na kwa wanachama wa Chama cha Taifa cha Vazi na Maisha popote mlipo, poleni sana. Sisi wa redio hii tunainama pamoja nanyi. Kabla ya kuingia studio leo, tuliona viatu vyetu mlangoni vimekaa ovyo. Tumevigeuza.

Nanyi mnaotusikiliza, mvua ikiacha kidogo, nendeni jikoni. Lishikeni lile tambara mlilozoea kulitupa pembeni. Lilowesheni. Mtazame vizuri kuna nani humo.